Eti nina uhakika najua mapigo ya wimbo wangu?

Nyota moja kwa programu hii ya kuandika noti za muziki. Huenda nikaibadilisha nikifika chini, lakini kwa sasa ni moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Umoja, Nairobi. Waimbaji wangu wanasoma solfa, hilo halina shida. Shida ni vijana wanaokuja kutusaidia kupiga kinanda: wamefunzwa noti za mistari mitano, na ukiwapa karatasi ya d r m wanakuangalia kana kwamba umewapa risiti ya stima. Na nyimbo zetu nzuri zote zimo kichwani mwa mzee mmoja, mpiga kinanda wetu, ambaye hajawahi kusoma noti hata moja. Basi tukaona njia ni rahisi. Mzee acheze kwenye kinanda cha umeme, waya uingie kwenye laptopu, tupate faili ya MIDI (kumbukumbu ya vitufe alivyobonyeza), programu iandike noti yenyewe. Nikalipia programu ya mwezi, kwa dola. Jina silitaji, wanajijua.

Mzee akacheza jioni moja kabla ya mazoezi, wimbo wa Matawi, dakika kama nne. Alicheza mpaka akina mama wa alto wakanyamaza. Wanaojua kwaya wanaelewa uzito wa sentensi hiyo.

Nikaingiza faili.

Jamani. Wimbo ambao mtoto wa Sunday school anaupigia makofi bila kukosea ulitoka kama mtu amemwaga mchele kwenye mistari mitano. Noti za mikia mitatu, matao ya kuunganisha kila mahali, alama ndogo ndogo za kimya katikati ya neno "Hosana". Pigo la kwanza la baa ya pili (baa ya muziki, yaani fungu la mapigo, si ya vileo) lilianguka mahali ambapo hata mlevi wa ile baa nyingine asingeliweka. Lilikuwa baa, kwa maana zote tatu za neno.

Na kilichonitia wazimu ni hiki: ukibonyeza isikike, wimbo uko sawa! Mzee mwenyewe, na mbwembwe zake. Masikio yanasikia wimbo, macho yanaona takataka. Juu ya ukurasa imeandikwa tempo, yaani mapigo kwa dakika, ni 120. Mzee hajawahi kucheza 120 maishani mwake, labda akikimbilia matatu. Nikapima kwa saa, nikapata kama 90. Nikafuta 120, nikaandika 90. Takataka zikabaki vilevile, ila sasa zinasikika polepole kama msiba.

Hapo ndipo nikawaandikia wahudumu wao. Nikaeleza kwa adabu, nikaambatisha faili na picha. Zikapita siku, mazoezi yakapita mara mbili, nikaandika tena. Jibu likaja, mistari mitatu. Programu inafanya kazi inavyotakiwa. Faili yako ndiyo yenye tatizo. Kisha swali: je, una uhakika unajua mapigo ya wimbo wako?

Mimi! Nimesimama mbele ya kwaya nikiinua mkono tangu nikiwa na nywele. Nimewahi kumrudisha padri kwenye pigo, hadharani, siku ya Krismasi. Halafu mtu aliye ng'ambo, ambaye hata hakunisalimu, ananiuliza kama najua mapigo. Na chini ya barua, kitufe: tupe nyota, umeridhika na huduma yetu? Nilifunga laptopu kwa nguvu hadi mke wangu akauliza kama nimeivunja. Sehemu ya nyota moja inatoka hapo, nakiri.

Siku chache kabla ya Matawi nikapeleka faili kwa kijana mmoja anayerekodi nyimbo za injili katika chumba kidogo River Road. Akaifungua, akatazama, akacheka kidogo. "Mwalimu, mzee alikuwa anasikia tik-tik wakati anacheza?" Tik-tik gani? Mzee huyo ukimpa metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ataiuza.

"Basi hii haina tempo kabisa."

Akanieleza, na nikaona aibu inanipanda taratibu. Faili ya MIDI haina sauti ndani yake, ina maagizo tu: bonyeza noti hii sasa, iachie baada ya muda huu. Mapigo ni lazima mtu ayataje. Yasipotajwa, kanuni za faili hizi tangu 1988 zinasema ihesabiwe 120, yaani nusu sekunde kwa kila pigo, na baa za pigo nne nne. Sasa mzee anacheza 90: mapigo yake manne yanakula mapigo matano na theluthi ya programu. Kila baa inasukumwa mbele, na noti zinakatwa vipande ili zitoshee. Kubadilisha namba juu ya ukurasa hakusaidii, kwa sababu noti zimeshagandishwa kwenye mapigo ya uongo.

Kumbe lile swali halikuwa la kijinga. Liliulizwa kijinga. Mapigo niliyajua mimi, faili haikuyajua.

Tiba yenyewe ilichukua chini ya saa moja. Kijana aliweka wimbo kwenye programu ya kurekodia, nikagonga kitufe kwa kidole kila pigo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama ninavyoongoza. Mara ya kwanza tulisahau kuzifunga noti kwenye saa badala ya kwenye mapigo, zote zikahama nasi, tukarudia. Kisha tukatoa faili upya, na wakati wa kuiingiza tukaiambia programu noti fupi kabisa iwe ya kumi na sita, yaani robo ya pigo, isitafute vitu vidogo zaidi. Ikatoka safi. "Hosana" ikasomeka. Juu ya kila baa kulijaa namba za tempo, 91, 88, 93, maana mzee anapumua. Nikazifuta, nikaacha moja tu. Tukachapisha saiba asubuhi ya Jumamosi.

Kwa hiyo nyota tatu? Noti zilizotoka ni nzuri kweli, maneno yamekaa chini yake yamenyooka kuliko vitabu vyetu vya zamani. Nilikuwa nimeandika tatu hapa. Lakini nikakumbuka: programu ilijua faili haina tempo. Ilijua! Ingeweza kuniambia, sentensi moja tu, kabla ya kuandika 120 kwa kujiamini kama mwanasiasa. Na yule bwana angeweza kuanza na habari yako. Nyota mbili. Moja ya kazi ya karatasi, nyingine ni ya kijana wa River Road, ambaye hawamlipi.

Wiki ijayo mzee anarekodi wimbo wa Pentekoste. Nimemwomba avae visikilizi, asikie tik-tik masikioni. Amenijibu, "Mwalimu, mimi si saa ya ukutani." Nimeshampigia simu kijana.