TAHADHARI: Vitako vya kukunja vya bunduki za mchezo vinauzwa kama vya bunduki halisi

Ndugu mnaomiliki bunduki kihalali, hasa mlioko Marekani, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna wauzaji mtandaoni wanaochukua vitako vya kukunja vilivyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za mchezo, zile za easofti zinazorusha vipira vya plastiki vya mm 6, na kuvitangaza kama vitako vya bunduki halisi za aina ya AK, AR au za kuwindia. Tangazo huwa na maneno yaleyale: "aluminiamu 7075", "kiwango cha jeshi", "kinaingia kwenye bunduki zote". Bei iko chini ya dola 100, na picha zimenyofolewa kutoka kwa mtengenezaji halali.

Wamekichagua kitako kwa sababu. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kitako peke yake hakihesabiwi kuwa silaha, kwa hiyo kinatumwa mpaka mlangoni bila kupitia duka lenye leseni. Yeyote mwenye simu na picha nne anaweza kujiita muuzaji.

Kasoro yenyewe iko kwenye bawaba, yaani kiungo ambapo kitako hukunjwa. Bunduki ya mchezo haipigi teke, kwa hiyo bawaba yake haikuwahi kuundwa ili ibebe mshtuko. Bunduki inayotumia risasi za .308 yenye uzito wa kilo 4 hurudi nyuma kwa nguvu inayokaribia jouli 20 kwa kila risasi, na nguvu hiyo yote hupita kwenye bawaba kabla haijafika begani. Kwenye kitako kilichotengenezwa vizuri, nyuso mbili za bawaba hukutana chuma kwa chuma, zikabana eneo lote, na mshtuko ukapita hapo. Pini inabaki na kazi ya kugeuza tu. Kwenye hivi vya kitapeli nyuso hazikutani sawasawa, kwa hiyo pini ndiyo inayopigwa. Na kwa kuwa pini iko ubavuni huku mshtuko ukija kwenye mstari wa katikati, kila risasi inaisokota bawaba. Tundu la pini linaanza kuwa yai, kitako kinaanza kucheza, na kuanzia hapo mlegeo hujiongeza wenyewe maana sasa kila mshtuko unagonga kama nyundo.

Msidharau mlegeo mdogo. Tuseme komeo, yaani kifungo kinachoshikilia kitako kikiwa kimenyooshwa, liko mm 30 kutoka kwenye pini, na kutoka kwenye pini hadi mwisho wa kitako ni mm 250. Nafasi ya mm 0.1 kwenye komeo inakuwa zaidi ya mm 0.8 begani, na nafasi ya mm 0.3 inakuwa mm 2.5. Shavu lako limelala juu ya kitu kinachohama, jicho halirudi mahali pamoja nyuma ya darubini, na ukiegemeza kitako kwenye mfuko wa mchanga risasi zinatawanyika bila sababu unayoiona. Watu wengi huanza kulaumu darubini, wakabadilisha pete, wakabadilisha risasi, kumbe ni bawaba.

Komeo nalo lina siri yake. Makomeo mazuri yana umbo la kabari: springi inalisukuma ndani kadiri chuma kinavyolika, kwa hiyo linajifidia lenyewe kwa miaka mingi. Mengine yana skrubu ndogo ya kurekebishia. Komeo la bei rahisi lina kingo zilizonyooka, na likilika mm 0.2 basi mm 0.2 hizo zimebaki hapo daima. Baya kuliko yote ni lile linaloweza kufunguka lenyewe. Ukanda wa bunduki ukifungwa kwenye kitako, uzito wote unaivuta bawaba upande mmoja mtu anapotembea, na komeo dhaifu huachia bunduki ikiwa begani. Likiachia wakati wa kufyatua, darubini inakuja moja kwa moja kwenye nyusi.

Sasa chuma chenyewe. Kinachoitwa 7075, yaani aina imara ya aluminiamu, mara nyingi ni zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi nyeusi. Zinki ya namna hiyo haipendi kubanwa muda mrefu, hutambaa polepole hata bila kupigwa, na kwenye baridi kali huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Wawindaji wa Minnesota au Maine wanaokaa msituni mwezi Novemba wazingatie hilo.

Kipimo chake ni rahisi, kinahitaji mizani ya jikoni tu. Ng'oa kipande cha bawaba, kitoe plastiki na pini, kipime. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha kining'inize kipande kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zitakazoonekana ndizo mililita za ujazo wake. Gawanya uzito kwa ujazo. Aluminiamu inatoa karibu 2.7, zinki karibu 6.6, chuma cha pua na chuma cha kawaida karibu 7.8. Kwa mfano kipande cha gramu 180 kikiwa aluminiamu kweli, mizani itasoma karibu 67. Ikisoma 27, umeuziwa zinki. Sumaku itakusaidia kutenganisha zinki na chuma cha kawaida, ingawa aina nyingi za chuma cha pua nazo hazishikwi na sumaku.

Plastiki ichunguzwe pia. Vitako vya kweli vya plastiki hutumia nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, ilhali vya mchezo vingi ni plastiki iitwayo ABS. Tia tone la asetoni kwenye pamba, gusa sehemu ya ndani isiyoonekana. ABS itanata na kulainika, nailoni haitajali. Tofauti hii ina maana porini, kwa sababu dawa za mbu zenye kemikali ya DEET huila ABS vilevile, na shavu lenye dawa ndilo linalolala hapo siku nzima.

Kabla ya majaribio yote yanayofuata toa magazini, fungua chemba, hakikisha ni tupu kwa macho na kwa kidole. Kisha weka kipande cha karatasi nyembamba kati ya nyuso za bawaba, funga, uvute. Rudia juu, chini, kushoto, kulia. Karatasi ikitoka kwa urahisi upande wowote, hapo hakuna mgusano. Ukitaka picha kamili, paka uso mmoja wino wa kalamu nene, funga na ufungue mara kadhaa, uangalie wino umehamia wapi. Bawaba nzuri huacha alama pande zote. Ya kitapeli huacha kijidoa karibu na pini na kingine kwenye komeo. Mwisho bana bunduki mezani, shika mwisho wa kitako, usukume juu na chini halafu kushoto na kulia. Kucheza kwa juu na chini ni kubaya zaidi, kwa sababu kuna maana kwamba pini au tundu lake vimeshalika au havikutoshana tangu kiwandani.

Hayo ni baada ya kupokea. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya bawaba ikiwa wazi, nyuso zote mbili zionekane, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo. Tapeli anayetumia picha za watu hataweza. Mwulize kipenyo cha pini kwa milimita. Vitako vya AK vya kukunja ubavuni vina pini za mm 4.5 na za mm 5.5, na havibadilishani. Asemaye "kinaingia AK zote" hajui anachouza au anajua na anakudanganya. Kwa AR, mwulize kipenyo cha bomba la nyuma, ambalo kitako huvikwa juu yake: kile cha kijeshi ni mm 29.2 hivi, cha kibiashara mm 29.7 hivi. Kitako cha kipimo kidogo hakiingii kwenye bomba kubwa, na kikubwa kwenye bomba dogo kinayumba.

AR ina jambo lake jingine ambalo matapeli hulitumia sana. Springi na kizuizi cha kurudi nyuma vimo ndani ya bomba la kitako, kwa hiyo huwezi kukunja hivi hivi. Inahitajika bawaba maalumu pamoja na kipande cha kurefusha kibeba bolti, yaani sehemu inayokwenda mbele na nyuma kila bunduki inapofyatuliwa. Matangazo mengi huonyesha bawaba tu. Ukiletewa bawaba bila kipande hicho, umeletewa nusu ya kifaa na bunduki haitafanya kazi. Na hata ukiwa na vyote, AR ya namna hii isifyatuliwe ikiwa imekunjwa. FAL, bunduki ya kijeshi ya Ubelgiji, ilipowekewa kitako cha kukunja ilikabili tatizo hilohilo, na wabunifu walilazimika kuihamisha springi yake kutoka kwenye kitako kwenda juu ya bunduki. AK haina shida hiyo kwa kuwa springi yake imo ndani ya mwili wa bunduki tangu mwanzo, ndiyo maana kitako cha AKMS ya 1959, aina mojawapo ya AK, kilikunjwa chini na cha AKS-74, aina nyingine, kikakunjwa kushoto bila kubadilisha mtambo.

Watu hutaja bunduki hizo za kijeshi kama ushahidi kwamba kitako cha kukunja hudumu. Ni kweli hudumu, lakini ni chuma juu ya chuma, na hata hivyo AKMS iliyotumika sana huyumba, na kile chuma chembamba hakina pa kulaza shavu. Kwa mwindaji, kitako cha kukunja kinafupisha mzigo kwa sentimita 20 hadi 25 na kuongeza uzito. Kama tatizo lako si nafasi ya kuhifadhi au kusafirishia, kitako kisichokunjwa ni bora na cha bei nafuu. Kama nafasi ndiyo tatizo, nunua chenye komeo la kabari kutoka duka lenye anwani na dhamana ya maandishi. Kisha kitunze kikavu: vumbi likichanganyika na mafuta mengi kwenye bawaba linakuwa msasa, kwa hiyo futa, tia kilainishi kikavu kidogo tu.

Malipo: lipa kwa kadi ya mkopo. Sheria ya Marekani inakupa siku 60 tangu kutumiwa taarifa ya kwanza yenye deni hilo kulipinga kwa maandishi. Anayekataa kadi na kutaka programu za kutuma pesa kama Zelle na Cash App, sarafu za kidijitali au kadi za zawadi, achana naye papo hapo. Ukishaibiwa, ripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov na kwenye IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni, ukiambatanisha picha za mazungumzo kabla hajayafuta. Angalia pia sheria ya jimbo. California, kwa mfano, kitako cha kukunja kwenye bunduki ya kujipakia yenye magazini ya kuchomoka kinaweza kuifanya iwe silaha iliyopigwa marufuku, na muuzaji hatakwambia.

Kwa walioko Kenya na Tanzania: kuna wanaoahidi kutuma kitako "ndani ya boksi la viatu". Hapo mwenye kesi ni mpokeaji. Kenya ina Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Uliza kwa maandishi kwenye mamlaka iliyokupa leseni kabla ya kuagiza, na usubiri jibu la maandishi.

Aliyekwisha kukifunga kimojawapo kwenye bunduki asiendelee kufyatua. Dalili ni unga wa kijivu karibu na pini, ufa mwembamba kwenye pembe za komeo, au mwanga unaopenya kati ya nyuso ambao haukuwepo mwanzo. Msijaribu kuchomelea, zinki haikubali moto wa fundi wa mtaani, na kipande cha kopo kilichochomekwa kuziba pengo kinahamishia mshtuko kwenye komeo. Rudisheni kitako cha awali. Hicho cha bandia msimuuzie mwingine kwa bei ya hasara. Kateni bawaba kwa msumeno kabla ya kukitupa.