Santuri zinapasuka-pasuka kwa umeme tuli? Anza kununua hiki, bastola ya kuondoa umeme tuli iache mwisho

Nilivyokuwa naishi Dar hii shida sikuijua kabisa, hewa ya pwani ina unyevu wake, kule tulikuwa tunapigana na ukungu kwenye makava tu. Nimehamia Dodoma na LP (santuri kubwa) za mzee, mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, nachomoa santuri kwenye mfuko wa karatasi nasikia krrrrk, vinyweleo vya mkono vyote vimesimama. Kuja kuinyanyua kwenye pleya, kile kitambaa cha felti nacho kimeng'ang'ania chini yake, kikaachia njiani kikadondokea mkono wa sindano. Sindano kwaheri.

Kabla hujatoa hela, hakikisha ni umeme tuli kweli. Mkwaruzo unarudi palepale kila mzunguko, kwa LP ya 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ni kama kila sekunde 1.8, utauhesabu mwenyewe. Umeme tuli unapiga ovyo, ukirudia wimbo mlio umehama. Halafu unavuta vumbi, kwa hiyo mara nyingi unakuwa na vyote viwili.

Namba 1: mifuko ya ndani. Najua haina mvuto ila shida inazaliwa hapa, plastiki ya santuri ikisuguana na karatasi inabeba chaji, kila ukitoa na kurudisha unaongeza. Tafuta ile yenye plastiki laini ndani, Mobile Fidelity wanatengeneza nzuri na Nagaoka wa Japani pia. Zinauzwa kwa pakiti, na karatasi ya zamani usiitupe, irudishe kwenye kava ikae pembeni.

Namba 2: brashi ya nyuzi za kaboni. Kaboni inapitisha umeme, ndo maana, ila ushike sehemu ya chuma ili chaji ipitie kwako. Santuri inazunguka, unagusisha ncha tu bila kukandamiza, mizunguko miwili mitatu halafu unaitoa taratibu kuelekea ukingoni. Mimi natumia kila upande ninaopiga. Watu wengi wanafuta na tisheti kavu, jamani, hapo ndo unachaji santuri vizuri kabisa.

Namba 3: toa mati ya felti, weka ya koki (ile ya vizibo vya chupa za mvinyo) au ya ngozi. Kama mkono wa pleya yako haurekebishiki urefu, angalia unene, mati ikiwa nene sana sindano inakaa vibaya.

Namba 4: kuosha. Spin-Clean ni beseni lenye brashi mbili ndani, unazungusha santuri kwa mkono, inafaa kwa mzigo wa urithi kama wangu. Maji yawe yale yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari, LAKINI soma chupa, maana ukisema "maji ya betri" dukani wengine wanakupa asidi. Anika zikiwa zimesimama, ile rafu ya kukaushia sahani inatosha.

Namba 5: bastola ya Milty Zerostat, ya Uingereza, haina betri, ukibonya kitufe inatoa chaji za aina moja na ukiachia inatoa za pili. Inafanya kazi, sikatai, ila bei yake ni kama dola 100 na mimi nilianza na hiyo, nikawa naipiga santuri bastola halafu nairudisha kwenye mfuko uleule wa karatasi, kesho tunaanza upya. Kama unayo tayari, bonya polepole na uachie polepole, ukisikia inalia tik umeharakisha.

Wenye pleya zenye waya wa eathi kwa nyuma, angalieni umefungwa kwenye amplifaya, ni bure hiyo.

Na kama kwenye masanduku ya babu mna zile santuri za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika), nzito zinazovunjika kama sahani, dawa yoyote yenye spiriti isiziguse, inaziyeyusha.