Kozi ya marefa wa raga: nenda hata kama ni kwa kipindi cha pasi ya mbele tu

Nimetoka juzi kwa kozi ya wikendi ya marefa wa raga hapa Nairobi na kama unachezesha mechi za shule ama za mtaa jisajili, usingoje. Filimbi, ishara za mikono, mavazi, hayo unaweza jisomea bure kwa tovuti ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, lakini kile kipindi cha Sheria ya 11, noki-oni (mpira kutoka mkononi ukaenda mbele) na pasi ya mbele (kuurushia mbele, ambayo hairuhusiwi), weee, hicho lazima ukione kwa macho.

Mkufunzi alitutoa nje, akamwambia winga mmoja atimue mbio kabisa na akifika laini ya mita 22 aurushe mpira nyuma, juu ya kichwa. Mpira ukatua mbele ya laini! Na sote tuliona mikono ikirusha nyuma. Akatupigia hesabu pale pale, mtu anakimbia mita 7 kwa sekunde, anaurusha nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, kwa hivyo mpira bado unaenda mbele mita 5 kila sekunde, ukikaa hewani nusu sekunde umesonga mita mbili na nusu na hiyo pasi ni halali. Unaangalia mikono imeelekea wapi, mahali mpira umetua kwa nyasi achana napo. Na aliyepasi akiangushwa tu baada ya kuachilia ndio inaonekana mbaya zaidi, maana yeye amekwama pale na mpira umeendelea, hapo ndio mashabiki wanakupigia kelele "mbele hiyo refa!"

Noki-oni nayo, watu wengi wanadhani mpira ukianguka tu ni skramu, yaani timu zinasukumana kuanzisha mchezo upya. La. Lazima utoke kwa mkono uende mbele, ukidondoka nyuma cheza, ukigonga kifua ama paja cheza, ukikuponyoka na ukaudaka kabla haujagusa chini wala mtu mwingine pia cheza. Mpinzani akipiga teke na wewe uuzuie pale pale kwa mikono, hakuna noki-oni. Halafu ile inayoleta ugomvi kila wikendi, beki anampokonya mwenye mpira na unatoka kwa mkono wa huyo aliyekuwa nao ukienda mbele, mchezo unaendelea. Hii tuwarudilie makocha wa shule jamani, wanatutukania bure.

Kitu sikupenda ni vile noki-oni ya makusudi ilipitishwa mbio mbio. Mtu akinyoosha mkono mmoja kukata pasi, refa anatakiwa aamue kama kweli angeweza kuudaka, na kama hangeweza ni penalti, kadi ya njano pia inaweza toka. Huo uamuzi unaweza kugeuza mechi, na ulipewa slaidi chache jioni watu wamechoka. Ungeletwa uwanjani asubuhi na mipira, tufanye tena na tena.

Ada ni nafuu, chai ipo, wakufunzi wanajibu maswali bila kukudharau. Beba viatu vya kukimbia, hamtakaa chini sana.