X-wing ya Bandai na Enterprise ya Polar Lights: nimeziunga zote mbili, haya ndo maoni yangu

Nikimuonyesha mtu picha za modeli zangu za plastiki swali la kwanza ni lile lile, hii umeinunua ikiwa imeshaungwa? Hapana jamani, vimekuja vipande kwenye boksi, nimekata, nimepiga msasa, nimeunga, nimepaka. Swali la pili ni "na mimi nikitaka nianze na ipi", kwa hiyo leo naongelea mbili ambazo sa hivi ziko juu ya kabati la tivii hapa kwangu Maryland, X-wing ya kampuni ya Bandai ya skeli ya 1/72 na Enterprise, chombo cha anga cha Star Trek, ya kampuni ya Polar Lights ya 1/1000. Kiukweli kuunga ni kazi ya wikiendi tu, kazi yenyewe iko kwenye ngozi ya nje, na hizi mbili kwenye ngozi zinataka vitu viwili tofauti kabisa.

X-wing ndo ile ndege ya waasi kwenye Star Wars ya 1977, ya mabawa manne yanayofunguka yakakaa kama herufi X. Bandai ni Wajapani, wale wale wa modeli za maroboti ya Gundam, na seti hii wameitoa tangu 2014. Plastiki imekuja na rangi zake, gundi haihitajiki, vipande vinabanana vyenyewe, unabonyeza unasikia "tk" ujue kimekaa. Maelekezo ni ya Kijapani lakini michoro inajitosheleza, mimi Kijapani sijui hata salamu na sikukwama popote.

Hii 1/72 maana yake inchi moja inasimama badala ya futi sita, yaani mtu mrefu wa futi sita anabaki inchi moja. Ni skeli ya zamani, Waingereza walianza nayo kwenye ndege za kivita miaka ya 1930, na utamu wake ni kwamba unaweza kuchukua Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, ya 1/72 ukaiweka pembeni ya X-wing ukaona kabisa nani mkubwa. Spitfire inapata karibu sentimita 13, X-wing karibu 17. Rubani wake akikaa kwenye siti ni kama punje ya haragwe, ana kofia, ana mikono, na unampaka rangi kwa brashi ya nywele chache huku pumzi umeibana, usiku sana, watoto wamelala, maana mtu akifunga mlango tu brashi inateleza na pua ya rubani inakuwa ya chungwa kama suti yake. Kifuniko cha rubani kimekuja cha aina mbili, kimoja kina kioo kingine ni fremu tupu, mimi nikaweka fremu tupu, taa ya sebuleni hairudi kwenye picha na ile kazi yote ya haragwe inaonekana.

Kuna kitu kinanifurahisha sana kwenye hii ndege. Mafundi waliotengeneza vile vyombo vya filamu, wale ILM, kampuni ya vionjo vya filamu, wakati huo wako Van Nuys, California, walikuwa wananunua modeli za kawaida za dukani, vifaru, ndege, magari, wanachomoa vipande vidogo vidogo wanabandika kwenye chombo chao ili kionekane kina mitambo mingi. Ndo maana ukiangalia ule utumbo wa X-wing huku nyuma kwenye injini unaona mabomba na visanduku ambavyo huwezi kueleza kazi yake. Sasa Bandai nao wamekaa wakavinakili vile vile, kwa hiyo wewe unaunga modeli ya modeli iliyotengenezwa kwa modeli, na kuna watu kazi yao ni kutafuta kila kipande kilitoka kwenye kifaru gani, na wanakipata!

Haya, kuunga. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki, usivinyofoe kwa mkono hata siku moja, nunua koleo ndogo ya kukatia, ile yenye upande mmoja bapa, na kata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, alafu ndo unakuja kukata karibu. Ukikata karibu moja kwa moja plastiki inavutika inabaki na alama nyeupe, na kwenye plastiki ya kijivu hiyo alama unaiona ukiwa umekaa kwenye kochi. Kinachobaki piga msasa laini, namba 600 alafu 1000, inatosha.

Ukimaliza kuunga utaona ndege nzuri, safi, na imekaa kama toi. Hapo ndo watu wengi wanaachia na ndo hapo mimi nawaambia bado. X-wing ni ndege ya watu wasio na hela, imepigwa, imeungua, rangi imebabuka, imemwagikiwa oili na hakuna wa kuiosha. Bila uchafu haijawa X-wing. Kwenye boksi kuna alama za aina mbili, stika za kawaida na zile dikali za kulowekwa kwenye maji, zile stika usizifikirie kabisa maana ni nene na kingo zinaonekana. Dikali unaikata, unaiweka kwenye maji, unasubiri iteleze yenyewe, unaisukuma mahali pake kwa brashi alafu unakausha kwa pamba ya masikio kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke, hewa ikibaki chini ukiangalia kwa pembeni panang'aa kama magamba ya dagaa. Na kabla ya dikali piga kwanza sprei ya kliya inayong'aa, yaani ile isiyo na rangi, dikali haipendi sehemu isiyong'aa.

Baada ya hapo rangi nyembamba ya kahawia iliyokolea, nyepesi kama chai, unaigusisha tu kwenye mifereji ya bodi yenyewe inakimbia. Angalizo kubwa: kama rangi hiyo ni ya enamel, yaani ya mafuta, yenye thina, usiiweke kwenye plastiki tupu iliyobanwa. Plastiki za kubana namna hii zikiwa zimekazana alafu thina ikaingia kwenye maungio, zinapasuka, na hazipasuki hapo hapo, unaamka asubuhi unakuta ufa. Kliya kwanza, uchafu baadaye. Mimi sa hivi natumia za maji tu, hata harufu nyumbani haipo na mama watoto hana kesi na mimi. Masizi nyuma ya injini na kwenye midomo ya bunduki napiga kwa unga wa chaki nyeusi, msasa juu ya chaki, brashi kavu, basi.

Sasa Enterprise. Hii ni ya Star Trek ya kwanza, ile tamthilia ya tivii ya miaka ya 1960, na 1/1000 kwake maana yake karibu sentimita 29, kwa sababu chombo chenyewe kinahesabiwa mita 289. Bei inakaribiana na ya X-wing, zote nilipata chini ya dola arobaini. Nayo vipande vinabanana lakini usidanganyike, hapa gundi utataka, puti utataka, na subira utataka zaidi. Sababu ni umbo lake. X-wing maungio yamefichwa kwenye mitambo na mifereji, Enterprise ni sahani moja kubwa laini, shingo, mwili na mirija miwili ya injini mgongoni, hakuna pa kuficha kitu. Kila mstari ambapo nusu mbili zimekutana unauziba kwa puti, unasugua, unapiga praima ya kijivu, unauona tena, unaziba tena. Ile mirija miwili nayo lazima ikae sawa, ukiangalia kutoka mbele moja ikiwa chini kidogo basi chombo kizima kinaonekana kimechoka. Mimi niliweka daftari mbili za unene sawa chini ya mirija nikaacha gundi ikauke usiku kucha. Ile Enterprise ya zamani ya kampuni nyingine, AMT, iliyotoka 1966 mirija yake inajulikana dunia nzima kwa kulegea, wazee wa mambo haya wakikutana hawamalizi stori bila kuitaja. Ila AMT hiyo hiyo ndo iliingia kwenye tivii kabisa: mwaka 1967 walihitaji chombo cha pili kilichoharibika, wakachukua modeli ya dukani, wakaichoma choma, wakapangua namba ya Enterprise, 1701, ikawa 1017, na hapo ikawa chombo kingine, USS Constellation.

Na kwenye hii uchafu ondoa kabisa. Naona watu wanaichora mistari myeusi sahani nzima, inakuwa kama kigae cha bafuni, mimi sikubaliani. Na sisemi tu kwa kupenda, nimeenda kuiona yenyewe. Ile modeli iliyotumika kurekodi, ya futi 11 na ushee, iko Washington kwenye makumbusho ya Smithsonian ya anga, wameipata tangu 1974 na ikarekebishwa ikarudi kuonyeshwa 2016. Rangi ya juu ya sahani ni ile ile ya miaka ya 1960, hawakuigusa, na ukisogea unaona ni kijivu chenye ukijani kwa mbali, mistari ya penseli ipo lakini hafifu mpaka uitafute. Upande wa kushoto haukumaliziwa kwa sababu nyaya za taa zilikuwa zinaingilia huko na kamera haikupita. Nikarudi nyumbani nikachukua penseli ngumu ya 2H, nikachora juu ya sahani kwa rula, kliya isiyong'aa juu yake, nikaacha hivo hivo. Jumba hilo hilo wametundika na X-wing nzima ya saizi ya mtu kuingia, ni ya toleo jipya sio ile ya 1977, lakini kama unataka kujua masizi yanakaaje kwenye injini nenda kaitazame kwa chini, bure, kiingilio hakuna.

Kununua: angalia sana muuzaji. Kuna duka moja la mtandaoni nisilolitaja lilinitumia boksi kwenye mfuko wa nailoni bila hata kadibodi, lilifika limebonyea kama limekaliwa na kipande cha kioo kimekatika, na majibu yao yakawa ni ya roboti mpaka nikachoka. Tangu hapo namuuliza muuzaji kabla, unafungaje mzigo? Akizungusha maneno naondoka.

Walio Dar na Nairobi mnaotaka kuagiza, modeli yenyewe inasafiri haina shida, tatizo ni rangi. Sprei na thina zinashika moto kwa hiyo kwa ndege zinakataliwa, agizeni rangi za maji, na kliya tafuteni huko huko kwa wanaouza rangi za magari, ila jaribuni kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki maana ile ya magari ni kali. Msasa, puti, kibano, pamba za masikio, hivyo havina haja ya kuagizwa.

Anayeanza achukue X-wing. Enterprise chukua ukishajua puti, na ile kubwa ya 1/350 msiniulize, hiyo ni zaidi ya sentimita 80 na taa zake zinauzwa peke yake, kabati langu lenyewe linaishia 60.