Nguo za baridi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5: ipi ianze, ipi isubiri

Mtoto mdogo anayetetemeka kwenye theluji mara nyingi tatizo lake si koti jembamba, ni kulowa. Hukaa chini, hupiga magoti, hutia mikono kwenye dimbwi, kisha husimama palepale dakika 10 akichunguza kijiti. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa haraka kuliko hewa tulivu, na mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo humwishia joto mapema kuliko mtu mzima aliyesimama kando yake. Ndiyo maana hapa nguo zimepangwa kwa swali moja: ipi itamweka mkavu kwa saa nzima ya kucheza? Unene unafuata nyuma.

Nguo ya juu, kuanzia bora

1. Ovaroli nzima ya theluji. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 hakuna inayoishinda, kwa kuwa haina mwanya kiunoni. Akiinama au akibebwa, mgongo haubaki wazi. Tazama zipu kwanza, rangi baadaye. Iteremke hadi gotini, au ziwe zipu mbili, moja kila upande. Ile fupi inayoishia kinenani itakulazimisha kumkunja mtoto kama shati la kupigwa pasi. Juu ya zipu pawe na kitambaa cha kukinga kidevu, la sivyo chuma baridi kitamkwaruza na kesho atakataa kuivaa.

Kijazo, yaani nyuzi zinazojazwa ndani ya nguo ili kuhifadhi joto, hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Gramu 80 hadi 120 zinatosha nyuzi zikizunguka sifuri, kwa mtoto anayekimbia. Nyuzi 10 chini ya sifuri na kuendelea, au kwa mtoto anayekaa kwenye kigari, tafuta 160 hadi 200.

Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. Ya chini ya 5,000 usinunue. Kwa theluji nzito yenye maji chukua 10,000. Ila namba hiyo ni ya kitambaa, si ya mshono. Geuza nguo ndani nje, utafute utepe uliobandikwa juu ya mishono, hasa makalioni na kati ya miguu. Uzito wote wa mtoto hukaa hapo, na hapo ndipo maji husukumwa kuingia. Nguo ya 10,000 yenye mshono mtupu makalioni itashindwa na ya 5,000 iliyozibwa mishono yote.

Miguuni pawe na lastiki ya kupita chini ya buti, inayofungwa kwa kishikizo. Hiyo ndiyo hukatika kabla ya kitu kingine chochote. Ya silikoni hudumu kuliko ya kitambaa, na iliyofungwa kwa kishikizo utaibadilisha; iliyoshonewa moja kwa moja ikikatika, suruali hupanda na buti hujaa theluji.

Udhaifu wa ovaroli ni choo. Mtoto anayejifunza kutumia poti hukutangazia haja ikiwa imeshafika.

2. Koti pamoja na suruali ya kufika kifuani yenye mikanda ya mabegani. Hii ndiyo nguo ya miaka 3 hadi 5, na ya yeyote anayejifunza poti. Akiingia ndani anavua koti na kubaki na suruali. Usikubali suruali ya kiunoni tu, hata kama koti ni refu. Mtoto akiteleza mlimani mara tatu, theluji imeshapanda mgongoni. Mikanda iwe na lastiki na irekebishike, na mtoto aweze kuishusha peke yake. Koti likiraruka au likimbana, unanunua koti peke yake, jambo ambalo ovaroli haikupi.

3. Suti ya mvua ya plastiki laini juu ya nguo za sufu au flisi (kitambaa laini chenye manyoya cha poliesta). Mahali ambapo baridi ni mvua na rojorojo kati ya nyuzi 0 na 5, ipandishe iwe ya kwanza. Hali hiyo huchosha watoto kuliko theluji kavu, na ovaroli nyingi za theluji hulowa chapachapa mapema. Kasoro yake ni kwamba haipitishi jasho kutoka nje, basi usiivalishe juu ya koti nene, na ichukue yenye nafasi ya sweta moja tu.

4. Koti la ganda laini (softshell), linalonyumbuka na kuzuia upepo. Zuri kwa siku kavu na kwa mtoto anayetembea sana. Akikaa kwenye theluji iliyolowa, maji yanapita.

5. Koti lililojazwa manyoya ya bata. Linapendeza, ni jepesi, na kwenye baridi kali kavu lina joto kweli. Lakini manyoya yakilowa hushikana mabonge na hewa iliyokuwa ikihifadhi joto hutoweka, ilhali kijazo cha poliesta huendelea kufanya kazi kwa kiasi kikubwa hata kikiwa na unyevu. Kwa mtoto anayelala kwenye kigari ni sawa. Kwa mchimba theluji ni hasara.

Mikono na miguu: msibanie hapa

Bajeti ikibana, punguza kwenye koti, uongeze hapa. Glavu ziwe za mfuko, zenye nafasi ya dole gumba peke yake, kwani vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto. Glavu za vidole vitano kwa mtoto wa miaka 2 ni mateso kwa wote wawili. Shingo ya glavu iwe ndefu, ifike katikati ya mkono na ikazwe kwa velkro. Kwa mdogo zaidi tafuta yenye zipu ubavuni, uifungue wazi, uweke dole gumba mahali pake, kisha ufunge. Nunua jozi mbili zisizopitisha maji, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya mchana.

Buti ziache nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu. Kukandamiza ncha ya kiatu kwa kidole kunadanganya, maana watoto hukunja vidole. Toa soli ya ndani, msimamishe mtoto juu yake akiwa na soksi, uone nafasi iliyobaki. Bitana inayotoka ni bora kuliko iliyoshonewa, kwa kuwa hukauka usiku mmoja. Soksi moja ya sufu inatosha. Mbili zikibana, hewa huisha, damu haipiti vizuri, na mguu unapoa ndani ya buti ghali.

Ndani na kichwani

Pamba isiguse ngozi siku ya baridi. Hunyonya jasho na kukaa nalo. Sufu ya merino, aina ya kondoo mwenye sufu laini, huchukua unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuhisiwa imelowa. Poliesta ni ya bei nafuu na hukauka upesi. Juu yake tabaka moja la flisi au sufu, basi. Ukitaka kujua kama mtoto ana joto, gusa kisogo. Kikiwa na jasho, punguza tabaka. Kikiwa baridi, ongeza. Viganja baridi peke yake havisemi mengi.

Kofia bora ni boshori inayofunika masikio na shingo kwa pamoja. Skafu iache, hunasa kwenye bembea na ngazi za kuchezea. Vivyo hivyo kamba: kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiruhusu kamba za kukaza kofiani na shingoni kwenye nguo za watoto wadogo. Kwenye mitumba ya zamani bado zipo, zivute uzitoe. Kofia ya koti ishikwe kwa vishikizo vya kubonyeza, ili ikinasa ichomoke.

Kwenye kiti cha gari, ovaroli nene na koti la kuvimba vivuliwe. Ajali ikitokea kijazo hubonyea na mkanda unabaki legelege. Mfunge mtoto akiwa na flisi, kisha umfunike koti juu ya mkanda.

Ukubwa, mitumba na kufua

Lebo za Ulaya huandika urefu wa mtoto kwa sentimita: 86, 92, 98, 104, 110. Panda saizi moja, usipande mbili. Nguo kubwa mno huingiza upepo, na mtoto hujikwaa kwenye ncha za miguu. Achuchumae na kuinua mikono akiwa na flisi ndani. Ikimvuta kinenani, ni ndogo.

Ovaroli hununulika vizuri mitumbani, kwani nyingi huvaliwa msimu mmoja. Kagua zipu mara kadhaa juu na chini, magoti, makalio, na utepe wa mishono. Utepe unaobanduka kama ngozi iliyoungua jua ni sababu ya kuiacha. Mimina kijiko cha maji makalioni, ukandamize kwa kiganja dakika moja, kisha uguse upande wa ndani.

Fua kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huacha utando unaofanya kitambaa kinyonye maji badala ya kuyasukuma. Matone yakiacha kuteleza juu ya nguo, lebo ikiruhusu, ipitishe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto la chini. Yasiporudi kuteleza, tumia dawa ya kurejesha uwezo wa kuzuia maji, iliyoandikwa kuwa haina PFAS, kemikali za kuzuia maji zisizooza kwa urahisi. Buti zijaze karatasi za gazeti, ubadilishe baada ya saa chache, na uziweke mbali na hita kwa sababu joto kali hulegeza gundi ya soli.