Kindle Paperwhite katika joto la Oktoba Lubumbashi: uzoefu wangu

Orodha za vitabu vya kiangazi huandikwa Ulaya na hutufikia Julai. Julai hapa Lubumbashi ni baridi. Mji uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku tunajifunika blanketi mbili na asubuhi tunatafuta pa kuotea jua. Joto letu huja Septemba na Oktoba, mijakaranda ikishachanua, vumbi limetanda, mvua bado. Mwezi wa Oktoba chumbani hakukaliki jioni. Umeme ukikatika feni inasimama, na nyumba nzima tunahamia uani chini ya mwembe. Kindle yangu, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ni ya saa hizo za uani, na ndivyo ninavyoipima hapa.

Ninayotumia ni Paperwhite ya mwaka 2021, yenye kioo cha inchi 6.8. Ilipotoka Marekani bei yake ilikuwa dola 139.99. Yangu aliniletea shemeji kutoka Afrika Kusini.

Nianze na jua, kwa sababu ndilo linaloshinda simu. Simu ukiishika nje saa tisa mchana unaona uso wako kuliko maandishi, na ikishapata moto inapunguza mwanga yenyewe. Kioo cha Kindle hakishindani na jua. Ndani yake kuna chembe ndogo mno, nyeupe na nyeusi, zenye chaji. Umeme huzisogeza pale tu unapofungua ukurasa mpya, kisha zinabaki palepale bila kula betri. Mwanga wa nje ukiongezeka, ukurasa unazidi kung'aa kama karatasi. Usiku, taa zake ndogo 17 zinamulika uso wa kioo badala ya kukupiga machoni, na unaweza kuzigeuza ziwe za rangi ya manjano. Nikisoma gizani na taa hiyo ya manjano, macho hayaumi na usingizi hauniruki.

Kuhusu betri, utasikia ahadi ya wiki 10. Hesabu hiyo ni ya mtu anayesoma nusu saa kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Mimi nasoma zaidi ya hapo, hivyo sizifikii. Lakini katika nyumba ambayo umeme ukirudi kila mtu anakimbilia soketi na simu yake, chombo kinachoweza kungoja siku nyingi bila kuchajiwa ni baraka kubwa, nalisema kwa moyo wote.

Joto lenyewe liheshimuni. Kikomo kinachotajwa na mtengenezaji kwa matumizi ni nyuzi 35. Kivulini uani hakuna shida, ila ndani ya gari lililofungwa mchana wa Oktoba joto linapita hapo haraka, basi msiiache garini. Vumbi nalo linaingia kwenye tundu la chaji. Mimi naivalisha mfuko wa kitenge niliomwomba fundi cherehani anishonee.

Sasa vitabu, maana chombo bila orodha hakina kazi.

Orodha yangu ya joto niliipanga karibu na nyumbani. Nilianza na Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1981. Riwaya hii ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014 na ikapata tuzo ya fasihi ya Etisalat ya 2015. Mji wake hauna jina la kwetu, lakini mtu yeyote aliyekulia kati ya migodi, reli na baa ataujua. Ina kelele nyingi, maneno yanarudi na kurudi. Mchana wa joto ilinichosha. Usiku, muziki wa jirani ukipita juu ya ukuta, ikaniingia vizuri sana.

Kitabu kilichonifanya niipende mashine hii hakimo kabisa kati ya vile nilivyonunua. Ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji wetu, ambao zamani uliitwa Élisabethville, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya wenzake, maboi wa zamani waliofanya kazi majumbani mwa Wazungu. Jina ni la Kifaransa, ila ndani ni Kiswahili, tena Kiswahili cha hapa, cha mtu anayesimulia. Anaanza mbali, kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na M'siri, mtawala wa Katanga kabla ya Wazungu, akafika kwenye kazi, posho, na mabwana waliowatumikisha. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na maandishi yote yako bure kwenye intaneti. Niliyanakili, nikayatia kwenye faili moja, nikaituma kwenye Kindle kwa barua pepe. Ikafunguka bila taabu, na nikakuza herufi nilivyotaka.

Maandishi ya Yav ni magumu kwa jicho. Fabian mwenyewe alihitaji mtu wa huku ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke sawasawa. Nami nikafanya hivyo. Baba mkwe wangu haoni vizuri tena, na baba yake alikuwa boi enzi za Élisabethville. Baada ya bukari, yaani ugali wetu, giza likiwa limeingia na umeme haupo, nilimsomea. Mwanzoni alinyamaza. Nilipofika kwenye habari za posho akaniinulia mkono: "Rudilia pale, mama." Nikarudia. Akaongeza ya kwake ambayo kitabu hakina: jinsi baba yake alivyokuwa akiingia kwa mlango wa nyuma miaka yote, hata siku bwana alipokuwa safarini. Watoto waliacha simu zao wakasogea. Taa ilikuwa ile ya kioo tu, na ilitosha.

Upande wa upungufu, kuna mawili ya kujua kabla ya kutoa pesa. PDF za chuo, zile zilizoskaniwa, hazifai kwenye kioo kidogo cha aina hii: herufi zinabaki ndogo na kusukuma ukurasa huku na huku kunachosha. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, mwenye lundo la silabasi atafute tableti kubwa. La pili, Kiswahili bado kinaishi zaidi kwenye karatasi. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ya riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, niliisoma kwenye nakala ya kuazima, na Kiswahili chake cha pwani nilikionea raha kubwa: safari ya Yusuf na msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani kuingia bara ilinipeleka polepole, kurasa chache kila alasiri.

Kwa anayesoma riwaya na masimulizi, na anayeishi mahali umeme unapokatika, mimi nasema nunua, hata ya mkono wa pili, ilimradi ujaribu taa na betri mbele ya muuzaji. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kasapa. Kwenye orodha bado nina Entre les eaux, riwaya ya mwandishi V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, na mzee ameshasema hiyo nayo nimsomee, hata kama itabidi niitafsiri njiani kutoka Kifaransa.