Breki za nyuma za Hilux nilizobadilisha nyumbani Mbale: shuu sina neno, ajasta ndizo zilinipiga chenga

Gari ni Hilux ya 2009, dizeli ya lita 2.5, pikapu ya tani moja kwa karatasi na zaidi ya hapo kwa tamaa ya mwenyewe. Kazi yake ni kupanda Kapchorwa, huku mashariki mwa Uganda, ikiwa tupu na kurudi Mbale imejaa viazi. Aliyepita barabara ile ananielewa. Kapchorwa iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Mbale kama 1,150, na ukishaiacha Sipi mgongoni karibu tofauti yote ile unaishuka kwa kona, na magunia yanakusukuma kutoka nyuma. Hata ukiweka gia ya pili na kuiachia injini kazi, breki bado zina sehemu yake.

Dalili zilianza kwa hendibreki. Zamani nikiivuta kidogo tu inashika, ikafika mahali naivuta mpaka inakaribia kifua na gari bado linateleza kwenye mteremko wa sokoni. Baadaye ukaja mkwaruzo wa chuma upande wa kushoto nyuma, halafu asubuhi moja nikaona tairi hilo limelowa kwa ndani. Gereji moja hapa mjini (jina naliacha) waliniambia ni sili ya ekseli, ule mpira unaozuia oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) isitoke, shilingi 380,000 pamoja na kazi. Hata gurudumu hawakulifungua. Nilipofika nyumbani nikapaka kidole yale majimaji: mepesi, hayana ule uvundo mzito wa oili ya difu, na pale yalipodondokea kwenye rimu rangi ilikuwa imeanza kuvimba. Mafuta ya breki hula rangi, oili ya difu haili. Basi ilikuwa silinda ya gurudumu, ile inayosukuma breki za gurudumu hilo kwa mafuta, inavuja, na mimi nilikuwa karibu kulipia sili nzima isiyo na kosa.

Hapo ndipo nilipoamua kuifanya mwenyewe uani.

Vifaa nilivifuata Kampala, Kiseka kwenye maduka ya vipuri, kwa sababu nilikuwa na safari ya huko hata hivyo. Kijana wa duka hakuniuliza gari gani wala mwaka gani. Aliniuliza, "Mzee, unataka za pesa ngapi?" Nikamwambia nataka za gari. Akacheka, akaniwekea mezani maboksi matatu ya shuu (vile vyuma vya upinde vinavyotanuka na kusugua dramu, lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu): la 65,000, la 110,000 na la 280,000. Yote yana picha ya gari lilelile. Nilichukua la katikati. Jina lililoandikwa kwenye boksi sitalitaja, si kwa kuficha, ila maboksi hapa huigwa hata na hologramu yake, kwa hiyo jina halitakusaidia kitu. Kitakachokusaidia ni kubeba shuu kuukuu mkononi. Mimi nilibeba moja kutoka seti niliyobadilishiwa miaka ya nyuma, nikailaza juu ya mpya, tundu kwa tundu, pinde kwa pinde. Zile za 65,000 tundu la pini ya hendibreki lilikuwa limepotoka kiasi cha unene wa kucha. Za 110,000 zililingana, lainingi (ule utando wa kusugua) imebandikwa sawasawa hadi pembeni, na ukiigonga kwa funguo inatoa mlio wa kitu kimoja, si mlio wa ganda lililoachana na chuma.

Nikaongeza silinda mbili za magurudumu kwa 40,000 kila moja, na chupa mbili za mafuta ya breki DOT 3. Kijana akanifungia kila kitu katika kavera nyeusi, mfuko wa plastiki. Silinda nilinunua mbili ingawa iliyovuja ni moja, kwa sababu zimezaliwa siku moja na zitakufa wiki moja.

Sasa kazi. Mawe mbele ya matairi ya mbele, hendibreki iachwe chini kabisa (ukiisahau juu, dramu haitoki hata uite kijiji kizima), nati za gurudumu zilegezwe kwa spana ya 21 kabla gari halijapanda. Jeki ya chupa chini ya ekseli, halafu stendi. Stendi niliazima kwa jirani mwenye lori. Tafadhali msitumie matofali ya saruji. Hayakuonyi. Linapasuka moja na gari linashuka.

Dramu ya kulia ilitoka kwa nyundo ya mbao. Ya kushoto ilikataa. Niligonga mpaka mpwa wangu akasema, "Mjomba, wataamka watoto." Siri ni kwamba dramu ya Hilux ina matundu mawili madogo yenye hesi (mistari ya skrubu) upande wa mbele, na mengi yamejaa kutu na matope kiasi kwamba hujui yapo. Nikayachokonoa kwa msumari, nikaingiza bolti mbili za milimita 8, zile za kichwa namba 12, nikazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Dramu ikajisukuma yenyewe nje ikilia kama mlango wa zizi.

Ndani kulikuwa na hali ya kusikitisha. Shuu ya nyuma, upande wa kushoto, lainingi ilikuwa imebaki kama karatasi ya boksi la sabuni. Kikomo cha Toyota ni milimita moja, na mimi nilikuwa nimekipita. Vumbi limechanganyika na mafuta yaliyovuja likawa tope jeusi. Hapa vijana wa gereji hupuliza kwa kompresa. Sikupuliza. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hakuna anayeweza kuniapia kwamba zile zilizofungwa humo na fundi nisiyemjua hazina. Nilimwagia maji ya sabuni, nikafuta kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa nikakifunga kwenye kavera nikakitupa.

Dramu zenyewe zina kikomo kimeandikwa ndani, kwangu milimita 297 kwa dramu ambayo ikiwa mpya ni 295. Nilizipeleka kwa mchonga vyuma mwenye kipimo, akapata hazijafika 296, akazisafisha uso, akataka 5,000. Nikampa na ya soda.

Silinda ilinipa jasho kuliko shuu. Nati ya bomba la mafuta ni namba 10, laini, na imeoza kwa kutu ya miaka. Spana ya kawaida ilianza kuteleza kwenye kona zake nikasimama hapohapo. Nililowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu, nikaenda kula, nikarudi na spana ya mabomba, ile yenye mdomo unaokumbatia nati karibu yote. Ikatoka. Ningelazimisha, ningevunja bomba, na siku ingeishia hapo.

Kuna jambo moja ambalo boksi la shuu halikuwa nalo, na hapo naikata seti hii alama. Mkono wa hendibreki unafungwa kwenye shuu ya nyuma kwa pini na washa ndogo yenye umbo la herufi C. Lazima uifungue washa ile kwa bisibisi, uhamishe mkono kwenye shuu mpya, ubane washa mpya. Seti haikuja na washa. Za zamani ukizifungua zinapanuka, na ukizibana tena unabaki na wasiwasi. Nilizipata Mbale mjini, shilingi 1,000 kila moja, lakini zilinigharimu boda kwenda na kurudi huku gari limening'inia juu ya stendi. Springi mpya pia hazikuwemo. Za kwangu zilikuwa nzima, sikulalamika.

Sasa kosa langu. Kila anayeijua kazi hii husema: fungua upande mmoja, uache mwingine mzima uwe kitabu chako. Nilijua. Lakini nilikuwa na beseni moja la dizeli la kuoshea vitu, na nikaona nioshe vyote kwa mkupuo. Springi, pini, ajasta zote mbili zikalala pamoja kwenye beseni la mama watoto (hilo nalo lilikuwa na kesi yake baadaye). Springi nilizirudisha kwa picha za simu. Ajasta, kile kifimbo chenye kigurudumu cha meno kinachozitanua shuu kadiri zinavyolika, nilizitazama nikaona zinafanana, nikaweka hii huku na ile kule.

Hazifanani. Moja ina hesi za kulia, nyingine za kushoto. Ukizibadilishana pande, kila mtambo wa ajasta unapocheza, kigurudumu kinazunguka kinyume, na badala ya kuzisogeza shuu karibu na dramu kinazirudisha nyuma. Siku ya kwanza hutajua, kwa sababu umekaza kwa mkono kupitia kitundu cha nyuma ya bamba, umesikia dramu inakwaruza kidogo, umelegeza meno machache, umeridhika.

Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki tulifanya na mpwa wangu jioni. Yeye ndani, mimi chini na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. "Kanyaga. Shikilia. Shikilia! Usiachie mpaka niseme." "Nimeshika, mjomba." Vipovu vikatoka, vikapungua, mafuta yakaja safi. Tulianza gurudumu la mbali na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, kisha la karibu. Halafu kuna vali moja juu ya ekseli ya nyuma, imeungwa na kijiti kinachosikia gari limekaa chini kiasi gani: mzigo ukiwa mwingi inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi, gari likiwa tupu inazipunguzia ili matairi yasijifunge. Nayo ina nati yake ya kutolea upepo. Mafundi wengi huipita. Tulipoifungua ilikohoa upepo mwingi kuliko magurudumu yote mawili.

Wiki ya kwanza raha tupu. Nilizizoesha shuu taratibu, breki za polepole kwenye tambarare kabla ya kupanda mlima. Safari ya kwanza ya mzigo, magunia manane, nilishuka kutoka Sipi bila harufu ya kuungua, na pedali juu.

Wiki ya tatu pedali ikaanza kuzama, na hendibreki ikarudi kifuani. Nikailaumu seti. Nikasema kimoyomoyo, ndiyo hayo ya boksi la katikati. Nikafungua upande wa kulia nikakuta lainingi kama mpya, haijalika hata kidogo, na ajasta imejikunja hadi mwisho wake. Nilikaa pale chini nikikitazama kile kigurudumu dakika nzima. Nilizungusha kwa kidole kuelekea kule ambako mtambo unakisukuma, nikakiona kinafupisha. Kuzibadilisha kulinichukua muda wa chini ya saa moja kwa pande zote mbili. Mara hii upande mmoja mmoja.

Sasa ni mwezi wa tano tangu niifanye kazi hii. Hesabu yangu: shuu 110,000, silinda 80,000, mafuta 30,000, mchonga vyuma na washa 9,000, jumla 229,000, bila kuhesabu boda wala beseni jipya. Seti ya shuu naipa nne kati ya tano, ile moja imekwenda na washa. Hendibreki inashika mapema, na gari linasimama mahali nilipolisimamisha hata kwenye mteremko wa sokoni. Asubuhi za mvua upande wa kushoto unapiga mluzi mwembamba kwa breki mbili tatu za kwanza, kisha unanyamaza. Nimeupuuza kwa sasa. Msimu wa viazi ukiisha nitalifungua tena nilitazame.